Leseni ya Windows kwa kompyuta ya kuunga mwenyewe: mwongozo kamili, kuanzia kabla ya kununua hadi kuhamisha

Mashine imekamilika, feni zinazunguka, Windows imepigwa na kila kitu kinakwenda. Wiki chache baadaye, pembeni chini kulia, yanatokea maandishi ya kijivu: Activate Windows, yaani amilisha Windows, thibitisha leseni yake. Mwenye mashine anampigia aliyemuuzia ufunguo, namba haipatikani. Mwingine leseni yake ilikuwa halali kabisa, ila amebadilisha mazabodi (motherboard, ubao mkuu wa mashine) na leseni imegoma kuhama.

Maswali mengi ninayoletewa kuhusu leseni ni ya namna hizo mbili. Zote huamuliwa siku ya kununua, na siku ya kusakinisha mambo huwa yamekwishaharibika. Kwa hiyo katika hatua zote zilizo hapa chini, shika swali moja: leseni hii inafuata mazabodi, au inanifuata mimi?

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jina kamili la prosesa na la mazabodi, pamoja na namba ya toleo. Usiandike "Core i5" tu. Andika i5-8500 au i5-4590, maana tofauti ya mbili hizo inaweza kukugharimu mashine nzima.
- Fleshi ya GB 8 au zaidi, isiyo na kitu unachokihitaji. Itafutwa yote.
- Kompyuta nyingine yenye intaneti, hata ya rafiki, ya kutengenezea fleshi.
- Bando la kutosha. Faili la Windows 11 linazidi GB 5.
- Akaunti ya Microsoft iliyofunguliwa kwa barua pepe yako mwenyewe. Isiwe ya fundi, wala ya ofisi utakayoihama.
- Njia ya kulipa mtandaoni kama utanunua moja kwa moja: kadi ya benki, au kadi ya Visa ya kwenye simu kama M-Pesa GlobalPay kwa walio Kenya.
- Daftari. Ndiyo, daftari. Ufunguo wenye herufi na tarakimu 25 usiuweke kwenye simu peke yake.

## Hatua ya 1: Hakikisha unahitaji Windows kwanza

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya Windows. Anza na orodha ya programu ambazo bila hizo kazi yako inasimama.

Ukifanya hesabu za duka kwa TallyPrime, unahariri kwa Photoshop au Premiere, au kijana wako anacheza Valorant, unahitaji Windows na hakuna ujanja. Hizo hazina toleo la Linux, na Valorant hasa inakataa kabisa kwa sababu ya mfumo wake wa kuzuia udanganyifu.

Kama orodha yako ni kivinjari, barua, majedwali, filamu na kujifunza kuandika programu, jaribu Linux kabla hujatoa hata shilingi. Kiini cha Linux kimetolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, na mifumo kama Ubuntu na Linux Mint unaruhusiwa kuisakinisha kwenye mashine kumi, kuinakili na kumpa jirani, bila ufunguo na bila kuamilisha. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 zote zitapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Nyaraka unaandika kwa LibreOffice, nayo ni ya bure.

Jaribio lenyewe halihitaji kufuta chochote. Weka Linux Mint kwenye fleshi, washa mashine kutoka kwenye fleshi hiyo, kisha pima vitu vitatu: je, Wi-Fi inashika, printa inachapa, na sauti inatoka? Vikipita vyote, jaribu kufanya kazi yako ya siku moja humo humo.

Onyo: usimwekee Linux mtu ambaye fundi wake wa karibu hajui Linux. Mfumo ni mzuri, lakini siku printa ikigoma atakuwa peke yake.

Kuhusu macOS jibu ni fupi. Leseni ya Apple inaruhusu mfumo huo kwenye kompyuta za Apple tu, kwa hiyo mashine ya kuunga haimo.

Utajua umefaulu: unaweza kutaja kwa jina programu moja au mbili zinazokulazimisha kununua Windows. Ukishindwa kuzitaja, huenda safari yako imeishia hapa na hela imebaki mfukoni.

## Hatua ya 2: Pima kama vifaa vyako vinaikubali Windows 11

Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua leseni ya Windows 10 leo ni kununua kitu kilichokwishafungiwa mlango, hata kama muuzaji anakuonyesha boksi lenye plastiki yake.

Windows 11 inadai haya: prosesa ya biti 64 iliyo kwenye orodha ya Microsoft, RAM ya GB 4, hifadhi ya GB 64, UEFI (programu ya ndani ya mazabodi inayowasha mashine) yenye uwezo wa Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na TPM 2.0 (sehemu ya kutunzia siri za usalama). RAM ya GB 4 ni ya kwenye karatasi. Kwa kazi halisi weka GB 8, na ukiweza 16.

Panapokwamisha watu ni prosesa. Kwa upande wa Intel, hesabu kuanzia kizazi cha 8, na kwa AMD kuanzia Ryzen 2000, kisha uhakikishe modeli yako imo kwenye orodha. Sasa tazama mashine za mtumba zinazoshushwa Kariakoo au zinazopangwa madukani Nairobi: Dell OptiPlex nyingi za bei nafuu zina i5 ya kizazi cha 4. Zina nguvu ya kutosha kwa kazi za ofisi, lakini Windows 11 haizitambui rasmi. Zipo njia za kulazimisha isakinike. Microsoft haikuhakikishii kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupokea marekebisho, na mimi sishauri mtu alipie leseni kamili kwa mashine ya kulazimisha. Mashine hizo ndizo zinazoipendeza Linux Mint.

Vifaa vikiwa vipya, TPM kwa kawaida ipo ndani ya prosesa ila imezimwa. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya UEFI hiyo, kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowaka. Kwenye mazabodi za Intel tafuta neno PTT, kwenye za AMD tafuta fTPM, uwashe. Zima CSM (njia ya kuwashia ya mtindo wa zamani), washa Secure Boot, hifadhi na utoke.

Kwa nini ufanye haya sasa: Windows ikisakinishwa CSM ikiwa imewashwa, diski inaweza kupangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, na kurekebisha baadaye ni kazi ya ziada isiyo na sababu.

Utajua umefaulu: kama mashine tayari ina Windows yoyote, bonyeza Windows+R, andika `tpm.msc`, na chini ya dirisha uone toleo 2.0. Kama haina, BIOS yenyewe ikuonyeshe PTT au fTPM ikiwa Enabled.

## Hatua ya 3: Angalia kama mazabodi tayari ina leseni

Hapa watu hupoteza hela bure. Kuna mashine zinazobeba ufunguo wake ndani ya BIOS. Kuanzia Windows 8, kampuni kama Dell, HP na Lenovo huuandika ufunguo kwenye kumbukumbu ya mazabodi kiwandani. Kisakinishi kikiukuta, kinachagua toleo chenyewe bila kukuuliza, na mashine inaamilika mara ipatapo intaneti.

Kwa hiyo kama umeunga mashine yako kwa kutumia mazabodi ya mtumba iliyotoka kwenye kompyuta ya kampuni, ikague kwanza. Fungua PowerShell (dirisha la amri la Windows) kama msimamizi, uandike:

`(Get-CimInstance -ClassName SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Ukipata mstari wenye makundi matano ya herufi tano tano, ufunguo upo. Mstari ukiwa mtupu, haupo.

Mazabodi mpya ya boksi kutoka ASUS, Gigabyte au MSI haina ufunguo ndani yake. Muuzaji akikwambia "hii inakuja na Windows yake", anachomaanisha ni kwamba yeye mwenyewe ataipiga.

Onyo: kukuta ufunguo hakutoshi. Kama ni wa Windows 8, hautaamilisha Windows 11 kwa usakinishaji mpya, kwa sababu Microsoft ilitangaza Septemba 2023 kwamba imefunga njia ya kutumia funguo za Windows 7 na 8. Isipokuwa kama mashine hiyo iliwahi kupandishwa zamani hadi Windows 10 au 11 na ikaamilika. Hapo rekodi yake imo kwenye seva za Microsoft na itaamilika yenyewe. Namna ya kujua ni moja tu: sakinisha bila ufunguo, unganisha intaneti, subiri.

Utajua umefaulu: una jibu la ndiyo au hapana. Kama ni ndiyo, ruka hadi hatua ya 7.

## Hatua ya 4: Chagua aina ya leseni

Windows ni ile ile. Faili ni zile zile, kasi ni ile ile. Kinachotofautiana ni mkataba, na mkataba ndio unaoulipia.

Leseni ya rejareja, ambayo dukani huitwa retail. Hii inakufuata wewe. Mkataba wake unakuruhusu kuihamishia kompyuta nyingine iliyo mali yako, mradi uiondoe kwenye ya kwanza. Ni ghali. Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home imekuwa ikiuzwa dola 139 na Pro dola 199.99. Ukikwama, Microsoft wenyewe ndio wa kuuliza.

Leseni ya OEM, inayotolewa kwa waunganishaji wa mashine. Hii inafuata mazabodi. Ukibadilisha RAM, SSD, kadi ya picha au pawa saplai haina neno. Ukipandisha mazabodi kwa hiari yako, leseni imekwisha. Ikiwa mazabodi iliungua na ikabadilishwa kwa sababu ya hitilafu, kuna nafasi ya kutetea leseni yako, ila msaada ni wa aliyekuunganishia mashine, si wa Microsoft. Na kama muunganishaji ni wewe, basi msaada ni wewe.

Leseni ya taasisi, yaani ya wingi. Hii haifuati mazabodi wala haikufuati wewe. Ni ya shirika, chuo au wizara iliyoinunua. Mtu binafsi hapaswi kuuziwa, lakini ndiyo iliyojaa kwenye matangazo ya funguo za bei ya chee.

Mbinu za taasisi ni mbili, na inafaa uzijue kwa sababu ndizo zinazoeleza ufunguo kufa ghafla. Ya kwanza inaitwa MAK: ufunguo mmoja wenye idadi ya mashine zilizoruhusiwa. Mfanyakazi anautoa nje, unauzwa kwa watu, idadi inajaa au shirika linalalamika, Microsoft inaufunga. Ya pili ni KMS: mashine inaamilishwa na seva ya ndani ya shirika kwa siku 180, na inatakiwa irudi kwa seva hiyo kuhuisha. Wewe uko Mbagala, seva iko kwenye jengo usilolijua. Zile siku zikiisha, maandishi ya kijivu yanarudi.

Vile vijiprogramu vya kuamilisha vinavyozunguka kwenye fleshi za mafundi, vingi hujifanya seva ya KMS ndani ya mashine yako. Ndiyo maana fundi huanza kwa kuzima kinga ya virusi. Fikiria hapo: unampa mtu usiyemjua ruhusa ya juu kabisa kwenye kompyuta, na umemtoa mlinzi getini. Mashine hiyo hiyo baadaye unaitumia kuingia benki. Mbali na hatari hiyo, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 kwa Tanzania, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 kwa Kenya. Mwenye ofisi au intaneti kafe asijifariji kwamba ni mambo ya Ulaya.

Ushauri wangu ni huu. Mtu anayeunga mashine kwa mara ya kwanza kwa kawaida hatulii. Leo anaweka prosesa ya kati, baada ya miaka michache anataka mazabodi nyingine. Huyo anunue rejareja, aume meno, alipe mara moja. Mtu anayemwunganishia mzazi au duka mashine itakayokaa hivyo hivyo hadi ife, OEM halali inamtosha. Kama hela haifiki popote kati ya hizo mbili, Linux ina heshima kuliko ufunguo wa kubahatisha.

Utajua umefaulu: unaweza kujibu bila kusita nini kitatokea kwa leseni yako siku mazabodi itakapoungua.

## Hatua ya 5: Home au Pro

Hatua hii ni fupi kwa sababu wengi wanatosheka na Home.

Pro inakuongezea BitLocker (ya kufunga diski kwa siri) yenye udhibiti kamili, uwezo wa kuiingia mashine yako kutoka mbali kwa Remote Desktop, Hyper-V (ya kuendesha kompyuta za kidhahania ndani ya mashine), sera za kikundi (kanuni za kudhibiti mipangilio ya mashine), na kuunganishwa kwenye mtandao wa ofisi wenye domeni. Home inakubali RAM hadi GB 128, na Pro hadi TB 2. Kama GB 128 ni kidogo kwako, wewe si msomaji ninayemwandikia.

Pro haiendeshi magemu kwa kasi zaidi. Na Home unaweza kuipandisha baadaye kwa kulipia tofauti, ambayo kwenye duka la Marekani ni dola 99, bila kufuta kitu.

Onyo: kuna Home nyingine inayoitwa Home Single Language, na ufunguo wake hauamilishi Home ya kawaida. Kwenye orodha ya kisakinishi majina haya mawili yamekaa jirani. Soma hadi neno la mwisho. Vivyo hivyo kwa matoleo yenye herufi N mwishoni.

Halafu jambo moja linaloniudhi kila mara: leseni ya Windows haina Microsoft Office ndani yake. Ni bidhaa mbili. Muuzaji anayekupa vyote kwa bei ya soda ya familia anakuuzia hewa mara mbili.

## Hatua ya 6: Nunua kwa namna ya kujilinda

Njia salama kuliko zote ni kununua ukiwa ndani ya Windows yenyewe: Settings, System, Activation, kisha kiungo cha kufungua duka. Leseni inaingia moja kwa moja kwenye akaunti yako, hakuna karatasi ya kupoteza. Hii ina maana utasakinisha kwanza bila ufunguo, ndipo ununue. Kisakinishi kinaruhusu, ingawa mkataba unataka uamilishe. Faida yake ni kwamba unaipima RAM na SSD kabla ya kutoa hela kubwa. Mashine isiyoamilishwa inafanya kazi, ila haikuruhusu kubadili mandhari na mapambo, na ina yale maandishi.

Ukinunua dukani, mazungumzo huwa hivi:

— Bosi, hii ni retail au OEM?

— Kaka, hiyo orijino kabisa, hata mimi mwenyewe naitumia.

— Sawa, lakini nikibadilisha mazabodi itahama?

— Itahama tu. Ukikwama unanipigia.

"Ukikwama unanipigia" si jibu. Muulize aandike kwenye risiti maneno matatu: aina ya leseni, toleo, na neno "mpya". Anayekataa kuandika amekujibu tayari.

Kisha tazama kitu chenyewe. Stika ya uhalisi ya OEM huwa na sehemu ya ufunguo iliyofunikwa kwa utando wa kijivu wa kukwangua, kama vocha. Utando ukiwa umeshakwanguliwa, hata kidogo tu pembeni, irudishe. Stika inayouzwa peke yake bila boksi wala mashine usiiguse, na ufunguo unaotumwa kwa WhatsApp kama maandishi matupu usiulipie. Ufunguo wa rejareja ulioagizwa kutoka nchi nyingine nao unaweza kuwa umefungwa kwa eneo lake, kwa hiyo ndugu aliye Muscat au Toronto akitaka kukununulia, aulize hilo kwanza.

Utajua umefaulu: una risiti inayotaja aina ya leseni, au barua pepe ya manunuzi iliyo kwenye akaunti yako.

## Hatua ya 7: Sakinisha na uamilishe

1. Kwenye kompyuta nyingine, pakua chombo cha kutengeneza fleshi kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Faili lililotoka kwa rafiki au kwenye torenti huenda limeguswa.
2. Chomeka fleshi kwenye mashine mpya, washa, fungua orodha ya kuwashia. Mara nyingi ni F8, F11 au F12 kutegemea mazabodi. Chagua mstari wa fleshi wenye neno UEFI mbele.
3. Ukiulizwa ufunguo, uandike, au bonyeza "I don't have a product key". Ukiruka, utaonyeshwa orodha ya matoleo. Chagua lile hasa utakalolinunua au ulilokwishanunua. Kosea hapa na ufunguo halali utakataliwa.
4. Kama SSD ina vitu vyako vya zamani, simama. Ondoa diski zote ambazo si za mfumo, kwa waya kabisa, kabla ya kufika kwenye ukurasa wa kugawa diski. Nyaya mbili za SATA kuchomolewa ni kazi ya dakika, picha za harusi hazirudi.
5. Windows 11 Home itadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Ingia kwa akaunti yako ile ya kwenye orodha ya vifaa.
6. Ikishafunguka, nenda Settings, System, Activation. Kama hukuweka ufunguo mwanzoni, bonyeza Change product key, uuweke sasa.

Utajua umefaulu: mstari wa hali unasema "Active". Usifurahi bado, kwa sababu ufunguo wa wizi nao huandika hivyo hivyo siku ya kwanza.

## Hatua ya 8: Kagua ulichouziwa

Hatua hii ndiyo inayorukwa, nayo inachukua muda mfupi. Ifanye siku ile ile, muuzaji akiwa bado anapokea simu.

Bonyeza Windows+R, andika `slmgr /dli`, bonyeza Enter. Subiri kidogo, kinatokea kidirisha kidogo cha maandishi. Soma mistari minne.

Mstari wa jina utataja toleo. Usishtuke ukiona "Core" mahali ulipotarajia Home, kwa sababu ndilo jina lake la ndani. "CoreSingleLanguage" ni ile ya lugha moja, "Professional" ni Pro. Ukiona "Enterprise" na wewe ulinunua Home, una jambo la kuuliza.

Mstari wa maelezo ndio wenye siri. Mwishoni mwake kuna neno la mkondo (channel), yaani aina ya leseni. RETAIL ni ya rejareja. Linaloanza na OEM ni la mazabodi, na OEM_DM maana yake ufunguo umo ndani ya BIOS. VOLUME_MAK au VOLUME_KMSCLIENT ni ya taasisi, na kama taasisi hiyo si yako, dai hela yako.

Mstari wa tatu unaonyesha herufi tano za mwisho za ufunguo. Zilinganishe na zilizo kwenye daftari. Hapa pana mtego ambao hata mafundi huuangukia: ukiona 8HVX7 kwenye Home au 3V66T kwenye Pro, huo ni ufunguo wa jumla unaowekwa na Windows yenyewe kwenye mashine zenye leseni ya kidijitali, yaani iliyorekodiwa kwenye seva za Microsoft. Mamilioni wanao. Utasoma RETAIL hata kama leseni iliyo nyuma yake ni ya OEM, na hata kama imepatikana kwa hila. Kwa hali hiyo kidirisha hakithibitishi kitu, risiti ndiyo inayothibitisha.

Mstari wa mwisho useme "Licensed".

Sasa andika `slmgr /xpr`. Jibu unalolitaka ni "permanently activated". Likija jibu lenye tarehe ya kuisha, hiyo ni KMS na umeuziwa leseni ya kukodi ya mtu mwingine.

## Hatua ya 9: Ifunge kwenye akaunti, ujue na namna ya kuihamisha

Rudi Settings, System, Activation. Hali ikisema imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali iliyounganishwa na akaunti yako ya Microsoft, kazi imekwisha. Isipotaja akaunti, ongeza akaunti hapo hapo. Bila muungano huo, siku ya kubadilisha mazabodi hutakuwa na pa kuanzia.

Siku hiyo ikifika na leseni ni ya rejareja, fanya hivi. Kama mashine ya zamani bado inawaka, fungua Command Prompt (dirisha jingine la amri) kama msimamizi, andika `slmgr /upk` kuuondoa ufunguo, kisha `slmgr /cpky` kuufuta kwenye rejista. Kwenye mashine mpya sakinisha toleo lile lile na uweke ufunguo wako. Kama ulinunua kidijitali na huna ufunguo, ingia kwa akaunti ile ile, fungua Troubleshoot kwenye ukurasa wa Activation, uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni, kisha chagua mashine yako kwenye orodha. Ndiyo maana ni vizuri kuipa mashine jina la kueleweka mapema. Orodha yenye DESKTOP-na-herufi-za-ajabu mara nne inachosha.

## Namba za kosa utakazokutana nazo

0xC004F211: Windows imeona vifaa vimebadilika, karibu kila mara mazabodi. Leseni ya rejareja, tumia Troubleshoot. Leseni ya OEM, soma tena hatua ya 4.

0xC004C008: ufunguo umetumika kwenye mashine zaidi ya zilizoruhusiwa. Kama ni wa rejareja na una hakika umeutoa kwenye mashine ya zamani, wasiliana na Microsoft ukiwa na risiti. Kama ulinunua mpya na kosa hili limetokea mara ya kwanza tu, haukuwa mpya.

0xC004C003: ufunguo umefungwa. Hakuna cha kurekebisha kwenye mashine, rudi kwa muuzaji.

0xC004F074: mashine inatafuta seva ya KMS na haiipati. Kwenye kompyuta ya nyumbani hili lina maana moja: fundi aliweka toleo au ufunguo wa taasisi. Weka ufunguo wako halali kupitia Change product key. Na kama kuna kijiprogramu cha kuamilisha kiliwahi kuendeshwa humo, nakili nyaraka zako, ufute diski nzima na uanze upya kutoka hatua ya 7. Badilisha na nywila zako za benki na barua pepe, ukitumia kifaa kingine.